Kabila Lisilochaguliwa

Kasulu ya mwaka sabini na sita, siku ya gulio, haikuwa na pa kupitisha mguu. Madebe ya mawese yamepangwa mpaka barabarani, dagaa wa Kigoma wananukia, wauza chumvi ya Uvinza wamekalia magunia yao wanabishana kwa Kiha, na vumbi jekundu limeshawapaka wote rangi moja, mwenye nacho na asiye nacho. Katikati ya zahama hiyo, kwenye baraza ya duka la Mzee Saidi, fundi Tharsisi alikuwa ameinamia cherehani anashona bugaluu ya karani mmoja wa wilayani. Alishona huku akiangalia kushoto na kulia, maana siku hizo suruali pana chini ilikuwa kesi, na vijana wa chama walikuwa na mikasi.

Mara mbuzi wa mtu akakata kamba. Akapita katikati ya vikapu vya mayai, akina mama wakapiga yowe, na msichana mmoja aliyekuwa anapita na mfuko wake akaruka juu ya baraza bila kutazama. Akatua na raba zake mbili juu ya bugaluu ya karani.

"Dada! Hiyo ni suruali ya mtu!"

"Na huyo ni mbuzi wa nani?" msichana akajibu, anahema. Kisha akatazama chini, akaona nyayo zake zimechapwa kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa, akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

Kuna wanaume hupenda macho, wengine mwendo. Tharsisi alinaswa na kile kicheko, na tangu siku hiyo hakujinasua. Msichana alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, nywele amesuka mabutu, na Kiswahili chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha watu wa ng'ambo ya mto Malagarasi.

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Kaa hapo unishikie kitambaa nipige brashi. Jina nani?"

"Esteri."

"Esteri wa nani?"

"Wa baba yangu."

"Ala! Na baba anakaa wapi?"

"Kibondo. Mimi nipo zahanati ya misheni huko. Tunakuja na Landrova kuchukua dawa, tunarudi Jumapili jioni." Akashusha sauti. "Tulivuka sabini na mbili."

Tharsisi hakuuliza zaidi. Miaka ile kila mtu Kasulu na Kibondo aliwajua waliovuka sabini na mbili wakikimbia mauaji ya Burundi, na mwenye adabu hakuwauliza waliacha nini nyuma. Alipiga brashi taratibu, alama ikatoka, naye akaendelea kupiga brashi pasipo na alama.

"Fundi, suruali imeshatakata."

"Bado kidogo."

"Utaitoboa."

Ndivyo yalivyoanza. Landrova ilipokuja tena, Esteri alileta kitenge ashonewe gauni, na Tharsisi akampima kiuno, akasahau, akampima tena.

"Kwani kiuno changu kimehama?" Esteri akamuuliza.

"Hakijahama. Futi ndiyo haitaki kuondoka."

"Mwongo mkubwa wewe. Mama yako anajua amezaa mwongo?"

Mama yake Rosa, aliyeitwa na wote Mama Tharsisi, mjane aliyeuza karanga na maharage upande wa pili wa barabara, alikuwa anawatazama na kutabasamu. Alimpenda Esteri bila kuambiwa. Alimfungia karanga za njiani kila Landrova ilipoondoka.

Sasa, barazani pale kwa Mzee Saidi palikuwa na jambo ambalo halikuwa popote pengine Kasulu, na wazee waliobaki wakilikumbuka hucheka wenyewe. Jumapili alasiri, watu wakishatoka misa, Tharsisi alitandika mkeka na kuendesha mchezo wake. Aliutunga mwenyewe alipokuwa seminari, kabla hajafukuzwa kwa kupiga domo baada ya kengele. Hapakuwa na ubao wala karata. Palikuwa na nchi ya kufikirika yenye milima na misitu, na watu wa aina mbalimbali waliokaa humo, na dadu moja ya mti aliyoichonga. Kila mchezaji alichagua kabila lake, akapewa kinyago kidogo cha udongo, na kuanzia hapo hakuwa tena karani wala muuza duka. Alikuwa Jitu, aliyeng'oa miti. Au Mnyange, mrefu, mwepesi, mwenye mbawa na maringo. Au Mtu-Mto, aliyelala chini ya maji. Tharsisi alisimulia safari, wenzake wakasema wanafanya nini, dadu ikaamua kama wamefaulu.

Na palikuwa na Vibete. Vibete walikuwa wafupi, wezi, walafi, waoga, wenye kazi ya kuchekesha watu. Hakuna aliyewachagua. Mchezaji aliyeshindwa vibaya ndiye aliyegeuzwa Kibete, akaondolewa mkekani, akakaa chini mlangoni na kukata viuno wenzake wacheke. Tharsisi hakuona ubaya. Kila nchi lazima iwe na watu wa kuchekwa, ndivyo alivyofikiri, na hakujiuliza fikra hiyo aliitoa wapi.

Siku ya kwanza Esteri kuona vile vinyago, aliinua kimoja akakigeuzageuza.

"Hili nini?"

"Jitu."

"Mbona lina shingo ya kuku? Nani amefinyanga?"

"Mimi."

"Pole sana."

Baraza lote likacheka. Aliondoka navyo, na safari iliyofuata akarudi na vingine. Jitu sasa lilikuwa na tumbo na mabega ya mtu aliyechoka kubeba dunia. Mnyange alisimama kwa mguu mmoja, shingo ameipinda, anawadharau wote. Kudra, binti wa Mzee Saidi, alipiga vigelegele. Hata Nestori, yule karani mwenye bugaluu, mtu wa kejeli asiyemsifu yeyote, akasema, "Dada, hii mikono umeitoa wapi?"

"Kwetu udongo upo," Esteri akajibu, akageuza mazungumzo.

Vinyago vya Vibete tu hakuvigusa. Tharsisi alikuwa amevifanya madonge yasiyo na uso, na vikabaki hivyo.

"Na hawa je, ua langu?" Tharsisi akamuuliza.

"Hao niachie."

Akaona haya kuuliza tena. Mapenzi yao yalikuwa yamekolea, tena wazi. Siku za katikati ya juma alikwenda posta kungoja simu ya Kibondo, na Mwajabu, dada wa simu, ambaye alisikia mapenzi yote ya wilaya na hakuona sababu ya kujifanya hasikii, alikuwa akimpa mkono wa simu na kusema, "Haya, mpenzi wako huyu. Leo sauti yake ina mafua, mwambie anywe tangawizi."

Basi ikafika Jumapili ile. Anga la Kasulu lilikuwa safi baada ya mvua, mikaratusi inanukia, na watu wamejaa barazani kuliko siku zote, wengine wamesimama tu kusikiliza. Esteri alikuwa amevaa lile gauni la kitenge. Siku zote alikaa pembeni kutazama, lakini siku hiyo alivua viatu, akakaa mkekani.

"Leo na mimi nataka kabila."

"Karibu, mwandani wangu. Kuna Majitu, Wanyange, Watu-Mto."

"Nataka Vibete."

Kicheko kikapasuka. Nestori alijipiga paja. "Dada, Vibete hawachaguliwi! Ukibete mtu anauangukia, kama shimo!"

"Kwani kuna kanuni inayokataza?"

Tharsisi akajikuna kichwa. Hapakuwa na kanuni. Hakuwahi kufikiri kama kuna mtu angetaka. "Haya," akasema, "yako hayo."

Esteri alichukua donge moja la Kibete, akachovya kidole kwenye maji, akalipa macho, pua na kidevu kilichoinuka. Kisha mchezo ukaanza. Safari ilikuwa ya kurudisha ngoma ya mfalme iliyoibiwa na moshi wa pangoni. Jitu likang'oa miti, likazama kwenye tope. Mnyange akaruka, mbawa zikaungua. Aliyefika ngoma ilipo alikuwa Kibete, kwa sababu alijua kusikiliza ardhi kwa nyayo, akajua pango linapumulia wapi, akaliziba tundu lake kwa udongo mbichi, moshi ukafa. Dadu nayo ilimpenda. Watu walisahau kucheka. Walimezwa na ile sauti ya Kirundi iliyopanda na kushuka, na Kudra alikuwa amemshika mkono bila kujua.

Ngoma ikarudi. Mchezo ulipokwisha, desturi ilikuwa Kudra atoe chungu cha togwa chenye mirija, wote wazunguke na kunywa pamoja, Mwislamu na Mkristo. Chungu kikawekwa. Na hapo Tharsisi, mwenye mchezo, aliyekuwa amelewa sifa za watu waliojaa, akaona amalizie kwa mbwembwe.

"Mfalme amesema!" akapaza sauti. "Majitu, Wanyange, karibuni chunguni. Kibete ametusaidia, lakini kanuni ni kanuni. Kibete hanywi na watu. Apewe kigae chake, akae mlangoni, acheze tucheke!"

Akaokota kipande cha chungu kilichovunjika pembeni mwa baraza, akamimina togwa kidogo, akakiweka chini mbele ya Esteri. Akamkonyeza, kumwonyesha ni utani.

Watu walicheka. Esteri alikitazama kile kigae.

"Nani amekwambia?" akauliza, polepole.

"Ameniambia nini?"

"Haya."

Hakungoja jibu. Alivaa viatu, akachukua kile kinyago chenye uso, akashuka barazani. Tharsisi alimwita, akadhani ameenda kuvuta pumzi. Landrova ilipoondoka alikuwemo ndani, anatazama upande mwingine.

"Wanawake hawajui kushindwa," Nestori akasema.

"Ameshinda, mjinga wewe," Kudra akamjibu.

Landrova iliyofuata ilimleta mtu mwingine kuchukua dawa. Simu haikuja. Tharsisi alishona suruali moja miguu ikapishana, Mzee Saidi akamwambia, "Kijana, kama umepoteza kitu, kakitafute. Usinimalizie nyuzi." Mwishowe akaenda posta, akaomba yeye ndiye apige. Mwajabu alihangaika na waya muda mrefu, akaita, akangoja, kisha akamnyooshea simu kwa uso wa msiba.

"Haloo? Esteri? Mpenzi, ni mimi."

"Mpenzi wa nani?"

"Laazizi, nimekukosea nini? Niambie nitubu."

"Ungenitukana tukiwa wawili, ningelia nikanyamaza. Ukangoja watu wajae."

"Nimekutukana lini? Ule ni mchezo, Esteri! Hakuna Vibete duniani!"

Waya ukakoroma. Kisha sauti yake ikaja, ya chini, safi. "Kile kigae. Ulikiona wapi mtu akipewa kigae anywee?"

"Si ndivyo ilivyokuwa kwa bibi. Watwa, wale wafinyanzi, walipokuja kuuza vyungu, bibi alikuwa haw..." Akasita.

"Maliza."

"Alikuwa hawapi mrija. Alikuwa anawawekea..."

"Maliza, Tharsisi."

"Kwenye kigae. Mlangoni."

"Ego," Esteri akasema kwa Kirundi. "Ndiyo hivyo. Baba yangu ni mfinyanzi." Na simu ikakatika.

Tharsisi akabaki ameshika mkono wa simu. Mwajabu alivua vile vya masikioni, akamtazama.

"Fundi, mimi niliye katikati nimeelewa. Wewe je?"

Alikuwa ameelewa. Na tusimpambe: jambo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Alikumbuka mirija waliyochangia, akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Mkono ulikwenda wenyewe, kama alivyofundishwa utotoni kabla hajajua kusema. Kisha akauona ule mkono, akaona aibu iliyomfanya akae chini kwenye benchi la posta. Vibete hakuwatunga. Aliwaokota mlangoni kwa bibi yake, akawapunguza kimo, akawaita mchezo.

Jioni alimwambia mama yake. Mama Tharsisi alikuwa anakoroga maharage. Alisimamisha mwiko.

"Mtwa?"

"Ndiyo, mama."

"Yule yule ninayemfungia karanga?"

"Yule yule. Na ninataka kumwoa."

Mama hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, mimi si mtu mbaya. Lakini nitapita wapi gulioni? Watasema mkwe wake Rosa analamba vigae. Muoe ukitaka, wewe ni mtu mzima. Ila kwako sitakula mpaka naingia kaburini."

"Mama, hicho chungu unachopikia umekinunua wapi?"

"Kibondo. Vya Kibondo havipasuki."

"Kimefinyangwa na nani?"

Mama akatazama chungu, akatazama mwanawe. "Moto umekisafisha," akasema, akarudi kukoroga.

Kesho yake alfajiri Tharsisi alipanda lori la muhogo. Barabara ya Kibondo haikuwa rafiki wa mgongo wa mtu, ukungu ulifunika mabonde, na wasafiri walijifunika magunia kwa baridi. Alifika zahanati amekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope. Esteri alitoka nje na aproni nyeupe, akasimama.

"Umefuata nini?"

"Wewe."

"Mimi yupi? Yule wa mkekani au yule wa mlangoni?"

Esteri alimtazama vile, vumbi lote lile, mdomo ukataka kucheka ukajizuia. "Twende nyumbani," akasema. "Umwone baba, usiseme hukuambiwa."

Mzee Ntirampeba alikuwa uani kwake, mikono imezama kwenye udongo mpaka kwenye viwiko, mzee mwembamba mwenye macho ya utani. "Mwiriwe," akasalimu. "Ndiye huyu fundi wa majitu yenye shingo ya kuku? Kaa. Mwanangu, lete chakula. Mgeni, ukijisikia kuumwa tumbo kabla hujala, sema mapema, tumezoea. Wageni wetu wengi tumbo huwauma chakula kikifika."

Chakula kikaja, ugali wa muhogo na maharage ndani ya bakuli moja. Tharsisi alinawa, akala na mzee yule, tonge kwa tonge. Halikumkwama kooni kama alivyoogopa. Maharage yalikuwa na ladha ile ile ya nyumbani kwao, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

"Nimekula," akamwambia Esteri walipobaki wawili.

"Umekula uani kwetu, na waliokuona ni kuku."

"Nitabadilisha mchezo. Nimewaza njiani kutwa nzima. Vibete watakuwa watu wa ajabu! Wenye hekima kuliko wote, wanajua dawa za msituni, wanaita mvua, hawana uongo wala..."

"Tharsisi."

"Naam, mpenzi."

"Jana ulitufanya mbwa, leo unatufanya malaika. Watu tutakuwa lini?" Akavua aproni, akaikunja. "Mimi sijui kuita mvua. Mjomba wangu alikuwa mwizi, tena mwizi hodari. Baba yangu ni mwaminifu mpaka anakera. Jitu likiiba, mnasema yule ameiba. Kibete akiiba, mnasema Vibete. Nilichagua Kibete siku ile nione kama kwenye mchezo wako mtu anaweza kutoka mlangoni akaingia ndani. Nikatoka mlangoni, nikawaletea ngoma, ukanirudisha mlangoni."

Tharsisi akalia. Hakuona sababu ya kuficha. "Niambie nifanye nini."

"Nitarudi Kasulu. Nitakaa pale barazani mchana kweupe, niseme mwenyewe mimi ni nani. Usinisemee. Usinitetee kwa hotuba za seminari. Wewe kazi yako ni kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa karibu nami. Watu wakiondoka, ukae. Kama huwezi, lori la muhogo linarudi kesho, na mimi sitakuchukia. Nitakusahau tu, polepole."

"Nitakaa."

"Usiseme haraka. Mama yako je?"

"Amesema hatakula kwetu."

Esteri akainamisha kichwa. "Basi unajua unachokaa nacho," akasema.

Jumapili ya Landrova ilifika. Baraza lilijaa, maana Kasulu haikuwa na siri, na Mwajabu alikuwa na mdomo. Esteri alikuja na gauni lake la bluu, akakaa katikati ya mkeka. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja.

"Mimi ni Esteri binti Ntirampeba," akasema. "Baba yangu ni Mtwa, mfinyanzi, na mama yangu aliyebaki ng'ambo alikuwa Mtwa. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kukaa nanyi. Sasa mnajua."

Cherehani ya fundi wa jirani ikasikika. Nestori alisimama, akakung'uta bugaluu yake.

"Kwa hiyo siku zote hizi tumekunywa naye?"

"Na hujafa," Kudra akasema. "Bahati mbaya."

Nestori akashuka barazani. Wengine wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, wengine wakijifanya wamekumbuka shughuli. Tharsisi aliwatazama wateja wake wakiondoka, rafiki zake wa tangu utotoni, na miguu yake mwenyewe ilitaka kufanya kitu chochote, hata kusimama tu. Akakaa. Akasogea mpaka bega lake likagusana na la Esteri.

Kutoka ndani ya duka Mzee Saidi akauliza, "Mkeka huo unakunjwa au unachezewa? Kama unachezewa, Kudra, toa togwa."

Walibaki wachache sana. Chungu kikatoka, Kudra akamkabidhi Esteri mrija wa kwanza, wakanywa. Kisha Kudra akauliza, "Haya, mwenye mchezo, tuanze. Vibete tabia yao ni ipi sasa?"

"Mimi siijui," Tharsisi akasema. "Tangu leo tabia hazitoki kwangu. Kila mtu aseme wake yukoje."

Esteri akatoa mfukoni kile kinyago alichokipa uso. "Huyu wangu ni mwongo kidogo, na anapenda kula. Kaka yake ni mwaminifu. Dada yao hapendi kucheza ngoma kabisa, mkimlazimisha ananuna."

Wakacheka, na Esteri akacheka, kile kicheko chenyewe. Tharsisi alikisikia, akashindwa kungoja.

"Esteri, ninataka kukuoa."

"Wee! Shusha sauti, barabara nzima inasikia."

"Ndivyo ninavyotaka. Esteri binti Ntirampeba, ninataka kukuoa!"

Esteri alijifunika uso kwa viganja. Kutoka nyuma ya viganja ikasikika, "Ego." Kisha, "Lakini vinyago nitafinyanga mimi."

Kudra alipiga kigelegele kilichowaamsha mbwa. Kilipokwisha, wakaona mtu amesimama ukingoni mwa baraza. Alikuwa Mama Tharsisi. Kutoka kwenye meza yake ya karanga hakuna neno ambalo halikumfikia.

"Nimesikia mnaoana," akasema.

"Ndiyo, mama," Tharsisi akajibu.

"Mimi nilishasema sitakula kwenu."

"Ulisema."

"Sijabadilisha." Aliwatazama walioondoka, wamesimama vikundi vikundi upande wa pili wakimngoja aseme zaidi, yeye, mama wa kijana. Akawapa mgongo. Akavua kandambili, akakaa kwenye ncha ya mkeka, mbali kidogo na chungu. "Lakini nimekaa pale Jumapili zote nawasikia mnakwenda milimani bila mimi. Hapa mtu anaanzaje?"

Esteri akamsogezea vinyago.

"Anachagua kabila, mama."

Mama Tharsisi alivitazama vile vinyago kwa muda. Mkono wake ulipita juu ya Kibete, ukasita, ukapita. Akachukua Jitu.

"Huyu."

"Likoje jitu lako, mama? Siku hizi kila mtu anasema mwenyewe."

Mama akalipima mkononi. "Ni zee," akasema. "Tena zito. Halisogei kwa kusukumwa."

"Lakini linasogea?"

Mama Tharsisi alimtazama Esteri usoni, kwa mara ya kwanza tangu amjue ni nani.

"Linasogea likitaka."

"Basi tutalingoja," Esteri akasema, akamnyooshea dadu.

Mama akaikusanya khanga yake magotini, akaipokea dadu mkononi mwa Esteri, akarusha.